Mnyamapori akiwa na mwenyewe: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kumiliki na kufuga wanyama walio hatarini kutoweka

Kwani mtu binafsi anaweza kumiliki mnyama wa porini?

Nchi zingine anaweza, nyingi hawezi. Na hapa watu wanachanganya vitu vitatu: kuna kumiliki ardhi, kuna kumiliki mnyama mwenyewe, halafu kuna haki ya kumtumia, yaani kumuuza, kuleta watalii wamuone, kuokota mayai yake, kumnyoa manyoya, kumwinda. Unaweza ukawa na hati ya shamba safi kabisa na bado swala anayelala humo ni wa serikali, ukimgusa unafungwa, akila mazao yako hasara ni ya kwako peke yako. Sehemu kubwa ya dunia iko hivyo.

Kusini mwa Afrika ndo waligeuza mapema. Zimbabwe, enzi hizo ikiitwa Rhodesia, sheria ya 1975 iliwapa wenye mashamba mamlaka juu ya wanyama walioko kwenye ardhi yao, Namibia nayo mwaka huohuo wa 1975 ikawapa haki kama hizo wenye mashamba binafsi, na Afrika Kusini ikaja na sheria ya 1991 inayosema kama shamba lako limezungushiwa uzio wa kutosha na umepewa cheti basi mnyama anabaki kuwa wako hata akitoroka akaenda kwa jirani. Hiyo ya mwisho inaonekana ndogo ila ndo inamfanya mtu atoe hela nyingi kununua faru bila kuogopa kwamba akivuka tu uzio kashampoteza.

Kuna mnyama gani kweli ameokolewa hivyo? Nataka mifano, nadharia nimeshazisikia.

Ipo, na mingine ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Kuna bonteboki, swala wa kusini kabisa mwa Afrika Kusini mwenye uso mweupe, huyu aliwindwa mpaka karibu kuisha, na kuanzia miaka ya 1830 wakulima wachache wa eneo la Bredasdorp wakaamua tu kuwatengea sehemu ya mashamba yao wasiguswe. Hifadhi ya taifa ya bonteboki ilipoanzishwa mwaka 1931 ilianza na wanyama 17. Kumi na saba! Kwa karibu miaka mia moja kabla ya hapo waliowabeba ni wenye mashamba, na mpaka leo bonteboki wengi wako kwenye ardhi za watu binafsi.

Halafu baisani, nyati wa Amerika. Walikuwa mamilioni kwa makumi, kufika mwisho wa miaka ya 1880 waliobaki hawafiki hata elfu moja, na serikali ya Marekani wakati ule haikuwa na mpango wowote wa maana wa kuwaokoa. Waliokusanya ndama wakawalea ni watu wa ranchi kama Charles Goodnight kule Texas, na Michel Pablo na Charles Allard kule Montana. Makundi mengi unayoyaona leo Marekani na Kanada, hata ya hifadhi za umma, yana damu ya wale wa ranchi.

Wa tatu ni faru mweupe wa kusini na huyu inabidi nimweleze kwa urefu kwa sababu kila upande unamtaja unavyotaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki pungufu ya mia moja, karibu wote eneo moja tu, Hluhluwe-iMfolozi huko Afrika Kusini. Waliowalinda hapo ni serikali, hilo lisemwe wazi. Wakaongezeka, na miaka ya 1960 mhifadhi Ian Player na wenzake wakaanza kuwahamisha kupeleka sehemu zingine ikiwemo mashamba binafsi. Sasa angalia kilichotokea. Mwanzo mamlaka ya hifadhi ilikuwa inawauza kwa bei ya kutupa, na wanunuzi wengine walikuwa wanamchukua faru wanamleta mtu wa kumwinda, faida inaonekana palepale, kwa nini uhangaike kumzalisha wakati mwingine utampata kwa bei rahisi? Mwisho wa miaka ya 1980 wakahamia kwenye mnada, bei ikapanda sana, na ghafla faru jike mwenye ndama akawa na thamani kuliko faru aliyekufa, watu wakaanza kuzalisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa wamefika kama 20,000, na siku hizi zaidi ya nusu ya faru weupe wa Afrika Kusini wako mikononi mwa watu binafsi. Kwahiyo kumiliki peke yake hakukutosha, bei nayo ilibidi ikae sawa. Hili wanaotetea umiliki wanalirukaga, na mimi naona ndo somo kubwa kuliko yote kwenye hii habari ya faru.

Mbona mtu aharibu makazi ya mnyama anayelindwa na sheria? Haogopi?

Anaogopa, na woga huohuo ndo unamfanya aharibu mapema kabla mnyama hajaonekana. Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani: sheria yao ya 1973 ya viumbe walio hatarini inamzuia mwenye ardhi kuharibu makazi ya kiumbe aliyeorodheshwa, sasa kuna kigogota mmoja mwenye doa jekundu kichwani anayetoboa misonobari mizee ya kusini mashariki, ndege huyu akihamia msituni kwako kukata miti kunakuwa shida. Wachumi walipochunguza misitu ya North Carolina wakakuta wenye ardhi waliokuwa karibu na makundi ya ndege hawa walikuwa wanakata misonobari ikiwa bado michanga, yaani isije ikazeeka ndege akaipenda. Sheria iliyotungwa kumlinda ikawa inamnyima nyumba.

Mwaka 1995 wakajaribu kitu kingine: unaingia mkataba na serikali, unatunza msitu, na ndege wakiongezeka zaidi ya idadi uliyoanza nayo hubanwi kwa hao wa nyongeza. Wenye ardhi wengi wakakubali. Hakuna aliyegawiwa ndege hapo, kilichoondolewa ni adhabu ya kuwa na ndege, na kuna sehemu hiyo peke yake inasaidia sana.

Kufuga na kuhifadhi si kitu kimoja? Wakizaliana wengi shambani si wameokoka?

Hapana, na kama una muda wa kusoma jibu moja tu soma hili.

Chukua mamba. Kule Louisiana, Marekani, aligeta, jamii ya mamba wa kule, walikuwa wameisha sana, uwindaji ukafungwa 1962, wakaorodheshwa kama walio hatarini 1967, wakatolewa kwenye orodha 1987. Sehemu kubwa ya mabwawa na vinamasi vya pwani ya kule ni mali ya watu binafsi. Utaratibu wao uko hivi: mfugaji anamlipa mwenye kinamasi ili aokote mayai kwenye viota vya porini, anayatotoa shambani, anawalea, halafu anatakiwa kurudisha sehemu ya wale watoto kinamasini wakishakua kiasi cha kutoliwa hovyo na kila kitu. Mayai mengi porini huwa yanaharibika au watoto wanaliwa wakiwa wadogo mno, kwahiyo kuyaokota hakuumizi kundi. Na mwenye kinamasi sasa ana sababu ya kutokikausha, maana kikikauka mayai hamna na hela hamna. Zimbabwe nao walishaanza utaratibu unaofanana na huo kwa mamba wa kwao tangu miaka ya 1960.

Sasa linganisha na shamba ambalo mama, baba na watoto wote wako ndani ya kuta, chakula kinaletwa na gari, na wale wa porini wakiisha kesho mwenye shamba hapati hasara hata kidogo, pengine anafurahi maana bei inapanda. Shamba kama hilo linaweza kuwa na wanyama maelfu na bado likawa halina msaada wowote kwa uhifadhi. Kwahiyo ukitajiwa mradi wa kufuga mnyama adimu uliza kitu kimoja kabla ya vyote: huyu mfugaji anahitaji pori liwepo au halihitaji?

Ndo maana simbamarara hawajaokoka?

Ni sababu mojawapo kubwa. China, Thailand, Laos na Vietnam kwa pamoja wanakadiriwa kuwa na simbamarara zaidi ya 8,000 wa kufungiwa, wakati wa porini dunia nzima ni kama 5,500 hivi kwa makadirio ya 2023, na wengi wao wako India. Laos na Vietnam mashamba yapo ila porini kwao simbamarara hawaonekani tena. Kumlisha simbamarara nyama miaka na miaka mpaka akue ni gharama kubwa, kumtega wa porini ni waya na subira tu, na wanunuzi wengi wanaamini wa porini ana nguvu zaidi hivyo wako tayari kulipa zaidi. Juu ya hapo mifupa halali na haramu ikichanganyika sokoni askari hana namna ya kuitofautisha. Wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, walishakubaliana mwaka 2007 kwamba simbamarara wasizalishwe kwa ajili ya biashara ya viungo vyao, utekelezaji ndo umelegalega.

Dubu wanaofugwa ili wakamuliwe nyongo ni hadithi ileile na ina ukatili ambao siwezi kuutetea kwa hoja yoyote ya uchumi. Simba wa kufugwa Afrika Kusini pia, maelfu kwenye vizimba, watalii wanashikashika watoto kisha wakikua wanauzwa kwa wawindaji au mifupa inasafirishwa, na hakuna hata mmoja aliyeongeza simba porini kwa maana inayoonekana. Mwaka 2021 serikali yao ilitangaza nia ya kuifunga biashara hiyo na mimi naiunga mkono moja kwa moja.

Na pembe za faru? Si zinaota tena zikikatwa?

Zinaota ndiyo, unaweza ukapunguza kila baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili bila kumuua. Biashara ya kimataifa imefungwa tangu 1977. Ndani ya Afrika Kusini ilisimamishwa 2009, wenye faru wakaenda mahakamani wakashinda, na 2017 ikarudi kuwa halali humo ndani ya nchi, ila wanunuzi wenyewe wako Asia kwahiyo soko la ndani halina maana sana.

Wanaotaka ifunguliwe wanasema marufuku haijazuia, faru 1,215 waliuawa Afrika Kusini mwaka 2014 peke yake na mwenye shamba analipa walinzi, helikopta, mbwa, madaktari, haruhusiwi kuuza kitu. Wanaopinga wanasema soko halali litaamsha wanunuzi wapya na kuwapa majangili pa kupitishia mzigo. Mimi naegemea kwa wanaopinga, kwa sababu ya nilichosema kuhusu simbamarara, ila lazima niseme kwamba upande huo unawadai wenye faru jibu: kama pembe haziuzwi basi nani analipia ulinzi? Mwaka 2023 tuliona jibu likikosekana. John Hume, aliyekuwa na faru weupe kama 2,000, kundi kubwa kuliko lolote la mtu mmoja duniani, aliliweka kwenye mnada na hakuna aliyetokea kununua. Shirika la African Parks ndo likawachukua baadae mwaka huohuo, mpango ukiwa ni kuwasambaza kwenye maeneo ya hifadhi ndani ya miaka kumi. Faru mmoja kati ya kila wanane au tisa weupe duniani walikuwa wanategemea mfuko wa mzee mmoja, hiyo ni hatari hata kama nia yake ilikuwa njema.

Lazima uwindaji uwepo?

Si lazima, ila kwenye maeneo makavu yasiyo na mandhari ya kuvutia watalii wa kamera mara nyingi hela nyingine haipo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977 na utafiti uliotoka 2016 ukaonyesha wanyama wakubwa kwenye nyanda za malisho walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka huo. Usikimbilie kusema marufuku ndo imeua, kuna ukame, watu kuongezeka, ardhi kukatwakatwa, mifugo mingi. Ila pia marufuku haikuwaokoa, na wenye ardhi wengi walibaki na wanyama wasiowaingizia hata senti.

Hii yote si ni ya matajiri wenye maelfu ya hekta? Jamii za vijijini je?

Swali la haki kabisa, na kwa historia ya kusini mwa Afrika ndo ilikuwa hivyo, waliopewa haki 1975 walikuwa wenye mashamba wazungu. Namibia ndo waliorekebisha kwa uwazi: sheria ya 1996 iliwapa jamii za ardhi za pamoja haki kama zile, wanajiandikisha, wanaweka mipaka, wanachagua kamati, mapato ya utalii na uwindaji yanaingia kwao. Hifadhi hizo za jamii zimeshafika 86 na zinachukua karibu asilimia 20 ya nchi.

Peru nako kuna vikunya, mnyama mdogo wa jamii ya ngamia mwenye manyoya laini ajabu anayeishi juu milimani Andes. Miaka ya 1960 walikuwa maelfu machache tu kwa sababu wawindaji walikuwa wanawaua ndo wapate manyoya. Baadae jamii za milimani zikapewa haki ya kuwatunza walioko kwenye ardhi zao: wanawazungukia kwa mstari mrefu wa watu, wanawaingiza zizini, wanawanyoa, wanawaachia waende zao. Leo ni mamia ya maelfu. Dosari ipo, bei ya koti dukani Ulaya na anachopata mnyoaji ni mbingu na ardhi, na jamii ikiona hailipwi vizuri itachoka. Hiyo isipofanyiwa kazi mafanikio yote haya yanaweza kurudi nyuma.

Kenya kule Mara wamepita njia nyingine, wanyama ni wa serikali ila ardhi iligawanywa kwa familia za Wamaasai moja moja, wakaunganisha vipande vyao wakakodisha kwa kampuni za utalii, kodi inalipwa kila mwezi na ng'ombe wanachunga kwa zamu. Sheria ya 2013 ikazitambua hifadhi za namna hiyo. Umiliki wa ardhi pekee, bila umiliki wa mnyama, umetosha kufanya kazi pale ambapo watalii wapo.

Mimi nina kieneo kidogo tu.

Fikiria wadogo. Pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya kuna mradi wa vipepeo tangu 1993, wakulima wanalea viwavi kwa majani ya msitu, wanauza pupa kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani, na sababu ya kutokata msitu ikapatikana. Amani, milima ya Usambara, Tanzania, nao walikuwa na mradi kama huo ukienda vizuri mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016 na wafugaji wa vipepeo wakaingia kwenye kapu moja na wasafirishaji wa ndege na mijusi. Haki inayoweza kufutwa kwa tangazo moja ni haki dhaifu, na mtu hapandi mti wa miaka ishirini juu ya haki ya namna hiyo.

Choroa walioko Texas ni wa porini kweli?

Hapana, ila wamesaidia. Choroa wa Sahara, yule wa pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma, alitangazwa kuwa hayupo tena porini mwaka 2000, wakati huo ranchi za Texas zilikuwa nao maelfu. Kuanzia 2016 wakaanza kurudishwa Chad, hifadhi ya Ouadi Rimé-Ouadi Achim, kutoka kwenye kundi kubwa lililokusanywa Abu Dhabi, na mwisho wa 2023 wakatolewa rasmi kwenye daraja la waliotoweka porini. Shamba lilikuwa ghala, likatunza uhai mpaka pori likawa tayari. Ranchi isiyo na mpango wa kurudisha haijamaliza kazi, ila bora kuwa nao wa kurudisha kuliko kutokuwa nao.

Wafugaji hawawaharibu wanyama?

Wanaweza, na wameshafanya. Wale waliookoa baisani walijaribu pia kuwachanganya na ng'ombe na jeni za ng'ombe zipo mpaka leo kwenye makundi mengi. Afrika Kusini kulikuwa na wazimu wa rangi, nyumbu wa dhahabu, swala pala weusi, dume moja linauzwa mamilioni ya randi, wanazalishwa ndugu kwa ndugu, chui na duma wanauawa wasije wakala mtaji, uzio mdogomdogo kila mahali. Kufika kama 2016 bei ikaporomoka na wengi wakabaki na madeni. Hapo ni biashara ya mapambo, pori halikupata kitu.

Uzio wenyewe pia uangaliwe. Unalinda na unakata njia za kuhama kwa wakati mmoja. Ninachokipenda ni majirani wanapong'oa uzio wa katikati wakabaki na mmoja wa nje, eneo linakuwa kubwa na damu inachanganyika.

Mnyama asiyeuzika je? Chura, tai mzoga, mbwamwitu?

Hapa soko linaishiwa nguvu na tukubali. Lakini mali binafsi haimaanishi kuuza tu. Mwaka 1934 mwanamke anaitwa Rosalie Edge alikodisha kisha akanunua eneo kubwa la mlima Pennsylvania ambako watu walikuwa wanakwenda kupiga risasi mwewe na tai kila msimu wa kuhama kwa starehe tu, akaweka mlinzi, risasi zikakoma, na Hawk Mountain ipo mpaka leo. Alitumia haki ya mwenye ardhi kumwambia mtu toka. Mwaka 1987 shirika la Defenders of Wildlife likaanza kuwalipa wafugaji wa Montana ng'ombe walioliwa na mbwamwitu (wolf wa huko, si wale wa Afrika), hela ikitoka kwa wapenzi wa mbwamwitu wenyewe, kwahiyo anayempenda akalipa badala ya anayeishi naye. Wanyama wengi wasiouzika pia wanaponea mgongoni kwa wanaouzika, kinamasi kikitunzwa kwa ajili ya mayai ya aligeta vyura nao wamo humohumo.

Nataka kuanza, nianzie wapi?

Anza na sheria ya nchi yako kabla ya kununua hata nguzo moja ya uzio: mnyama ni wa nani, kibali kinatolewa na nani, kinadumu miaka mingapi, kinaweza kufutwa vipi. Kama ni spishi iliyoorodheshwa na CITES fahamu yuko kiambatisho cha ngapi maana cha kwanza biashara ya kimataifa karibu yote imefungwa. Ongea na majirani mapema, wao ndo watakaokupigia simu wakiona mgeni usiku au watakaokaa kimya. Piga hesabu ya miaka mibaya, usitegemee chanzo kimoja, 2020 utalii ulisimama dunia nzima na waliokuwa na watalii tu walishindwa hata kulipa walinzi. Mtafute daktari wa wanyamapori kabla hujamhitaji. Na aina ya mnyama uichague mwisho kabisa, baada ya kujua ardhi yako ina maji na malisho ya nani, maana wengi wanaanza na faru kichwani kumbe shamba lao ni la swala.